Essai ya Siku Tatu

Vendredi asubui, ku parking yake ya kuuzisha gari, Stéphane aliweka funguo mu mukono ya Paul, akamuambia: «Enda nayo. Siku tatu. Essence ni yako. Lundi unaniletea gari ao unaniletea franga. Mi sipendake mutu anakuya kisha kusema nilimudanganya.»

Paul aliangalia ile funguo kama vile balimupatia mutoto ya mutu ashike. Iko na miaka quarante-six, anafundisha cinquième primaire, na hajashikaka volant ya gari hata siku moya. Bibi yake Scholastique alikuwa anazunguka gari polepole, kitenge imefungwa vizuri mu kiuno, anainama chini ya kila mulango kama vile anatafuta wadudu mu unga. Ni kazi yake, unga. Unga ya mihogo, toka Iga Barrière mpaka soko ya Bunia, na kila mara transport inakula faida yote. Osée, ndugu mudogo ya Scholastique, ule mwenye permis, alikuwa ameshaikala ndani anasogeza kiti.

Ilikuwa break nyeupe, gari ya mugongo murefu, ya kutoka Uganda, volant ku kuume, pine ya mbele mupya, na ndani ilinuka sabuni. Bei, dollars deux mille neuf cents. Paul na bibi yake balikuwa na trois mille: ngombe mbili ya mwisho, na likelemba ya bamama ya soko, ile bamama banapokezanaka, zamu ya Scholastique ilikuwa imefika. Nyuma ya ile franga hakuna ingine. Kama gari haitembei, hakuna ya kununua hata mufuko moya ya unga, na mu mwezi ya tisa batoto ine batabaki ku nyumba wakati benzao banaenda ku masomo.

«Ile ya Madame Nadège ni deux mille six,» Scholastique akasema.

Madame Nadège anafundisha na Paul ku masomo moya. Anauzisha gari yake ya bulu, phare moya, taa ya mbele, imepasuka, mulango ya nyuma inafungwaka na kamba.

«Yaya, ile siyo gari,» Osée akasema toka ndani. «Ile ni kuku yenye inangojea kufa.»

«Inaenda Mahagi na kurudi kila mwezi.»

«Na mutu ya Iga, ukimuambia apande alipe, atapanda nini, kamba? Batu banaangaliaka rangi mbele.»

«Batu banaangaliaka kama batafika.»

Stéphane aliandika namba ya kilomètre mu kakaratasi, akaenda kuona mutu mwingine.

Gari iliingia mu parcelle yao kule Nyakasanza saa ine ya asubui. Mbele ya saa tano, parcelle ilijaa batu.

Mama Gracia, jirani ya nyuma, alipiga kelele ya furaha mpaka mbwa ikakimbia. Batoto balijipanga ku vioo. Mashemasi mbili ya kanisa balikuya kushika Paul mukono, moya kisha mwingine, kama ku siku ya ndoa. Glodie, binti yao ya kwanza, alipika chai mara mbili, sukari ya juma nzima ikaisha. «Patron,» batu banasema. «Patron, sasa utatuona?»

Paul alitaka kubaambia ni ya essai tu. Kweli alitaka. Alifungua kinywa mara moya, shemasi akamuambia «Mungu hasahau,» akafunga. Miaka ine toka bakimbie vita ya Fataki, ile batu balimuona anabeba bidon ya mayi ku kichwa kama mutoto mwanamuke, balimuona anavaa suruali moya kuanzia lundi mpaka samedi, na balifanya kama habaoni. Leo banamuita patron. Akasema mu roho yake, acha chai iishe kwanza, nitabaambia.

Chai ikaisha. Hakubaambia.

Wa mwisho kuingia alikuwa Nicolas, jirani ya kando, fundi ya kushona. Nicolas hakusema patron. Aliweka mukono juu ya capot, kifuniko ya moteur. Wakati Paul na bibi yake balifika toka Fataki na sufuria tatu na batoto ine, Nicolas alikuwa na vyumba mbili. Alibapatia moya. Miezi saba. Hakuulizaka siku moya batatoka lini.

«Ndugu yangu,» Nicolas akasema. «Mi sina maneno.»

«Muzee anaendelea namna gani?» Baba yake Nicolas alikuwa amelazwa ku hospitali, kule Nyankunde, juma ya tatu sasa.

«Iko vile vile. Akipona utanisaidia kumuleta na hii. Ku pikipiki mugongo inamuua.»

«Hiyo hata usiniulize,» Paul akasema.

Batu balipoisha, Scholastique akakusanya vikombe. «Mbona hukubaambia?»

«Nitabaambia lundi.»

«Lundi utabaambia nini? Gari ilipata mulio ya tumbo ikarudi kwao?»

Osée akacheka. Paul hakucheka.

Samedi balienda kwa Vahwere. Vahwere ni mekanisiye mwenye haongeaka na mutu mpaka kwanza aongee na gari. Hakufungua hata capot. Aliambia batoto ya garage baweke mifuko sita ya muchanga nyuma, akaingia mwenyewe, akaipandisha mu mulima, akashuka, akapandisha tena. Mara ya pili balisikia moteur inalia bure, kama mutu anapiga hatua fasi hakuna ngazi.

Akarudi, akatoa muchanga, akaingia chini. Kisha akatoka na mafuta ya boîte, ile sanduku ya gia, mu kiganja, akaisugua na kidole, akaweka mukono mu jua.

«Unaona yenye inangaa?»

Paul akainama. «Ni nini?»

«Meno. Boîte inajikula yenyewe. Vitesse ya troisième inaruka kila saa gari iko na muzigo. Bila muzigo hutajua. Njo maana Stéphane anaachaka batu baende nayo na bibi na batoto, saa yote inatembea muzuri.»

«Ukishika levier na mukono hairuki,» Osée akasema.

Vahwere akamuangalia kwa mara ya kwanza. «Utashika mpaka Iga?»

«Nitashika.»

«Na volant utashika na nini, na meno?»

Batoto ya garage balicheka. Osée akaenda kusimama kule mbali, anajifanya anaangalia pine.

«Ile ya bulu ya Madame Nadège, uliionaka?» Scholastique akauliza.

«Nilifungua moteur yake mimi mwenyewe mwaka jana. Sura yake mubaya, mama. Lakini ni gari.» Akafuta mikono. «Hii, ukitaka nitengeneze boîte, ni cinq cents. Na sijui kama itafika Noeli.»

Paul akamupatia dix dollars ya kazi. Mu njia ya kurudi, Scholastique akapiga simu kwa Madame Nadège, akamuambia banakamata ile ya bulu. «Muzuri, mama,» Nadège akasema. «Lakini mwisho lundi midi. Iko mutu ya Mongbwalu ananiita kila saa, mi pia niko na shida yangu.» Scholastique akahesabu na vidole: deux mille six, inabaki quatre cents, documents, phare, mifuko kumi ya unga. Toka batoke Fataki hakuimbaka wakati anapika. Ile siku aliimba, kidogo tu, na Glodie akanyamaza ili asimukate.

«Turudishe leo,» akamuambia Paul.

«Stéphane alisema lundi. Kesho ni culte ku kanisa. Batu batatuuliza gari iko wapi.»

«Batuulize.»

«Lundi, Scholastique. Asubui mapema. Siku moya inabadilisha nini?»

Dimanche kisha culte, balikuwa bameanza kula wakati Nicolas aliingia. Hakuikala. Alisimama ku mulango, kofia mu mukono.

«Muzee ametuacha. Balinipigia simu sasa hivi.»

Balisimama yote. Paul akamushika mu mikono. Glodie akaondoa sahani.

«Niliuliza ku parking ya taxi,» Nicolas akasema kisha. «Kwa maiti banaomba trois cents. Moya alisema deux cent cinquante, lakini nilipe kusafisha gari, na mbuzi ya kuitakasa. Nikabaambia, acheni.» Alijifuta uso na kofia. «Nikabaambia siye tuko na gari.»

Osée aliangalia miguu yake. Scholastique alimaliza kumeza yenye ilikuwa mu kinywa, akasema polepole: «Nicolas, baba, hii gari…»

«Osée,» Paul akasema. «Essence iko?»

«Iko, shemeki.»

«Ngoja nivae viatu.»

Scholastique alimufuata mu chumba, akafunga mulango. Aliongea chini juu Nicolas anasikia.

«Gari yenye imebeba maiti batu banaiogopa, Stéphane hataipokea tena. Unajua vile.»

«Atajua namna gani? Muzee atalala nyuma, tutaweka vitenge ku vioo. Tutaingia polepole. Glodie ataosha.»

«Niende kumuambia Nicolas ukweli mimi mwenyewe. Haya itakuwa yangu, siyo yako.»

«Utamuambia nini?»

«Nitamuambia siye ni bamaskini, gari siyo yetu.»

Paul alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alifungua, akafunga tena. «Kama siye ni bamaskini alijua mbele ya mutu yote,» akasema. «Alitupatia chumba.»

Akatoka. Scholastique alibaki anaangalia kitanda. Kisha akafungua sanduku, akatoa vitenge mbili, yenye haionyeshe ndani, akaenda kubapatia ku dirisha ya gari.

Kwenda ilikuwa rahisi, gari haikuwa na muzigo. Kurudi njo ilikuwa kazi. Balilalisha muzee nyuma, ndani ya blanketi na mukeka, kichwa juu ya magoti ya Nicolas. Batu ine ya jamaa balijisukuma ku nafasi zenye zilibaki, hakuna mwenye alikubali kubaki. Kila mupando troisième iliruka. Osée alishika levier na mukono ya kushoto mpaka vidole ikawa nyeupe, volant na mukono moya, jasho inamuingia mu macho na hana mukono ya kufuta. Paul alimufuta na mouchoir yake. Mara tatu, mara ine.

Ku barrière, askari alifungua mulango, akaona, akafunga. «Poleni. Franga ya kawa kidogo.» Balimupatia.

Mbele ya kuingia mu muji, vijana ya quartier balikuwa banabangojea na pikipiki kumi, kumi na mbili, matawi ya majani kila mutu. Mbili baliruka chini na kamba, banaanza kufunga majani mbele ya capot, alama ya gari ya maiti.

Paul akashuka. «Hapana. Hapana majani. Tuingie tu.»

Ule kijana alisimama na kamba mu mukono. «Namna gani hapana majani, patron?»

«Tuko na haraka.»

Nicolas alitoa kitenge ku dirisha. Hakukasirika, njo ilikuwa mubaya. Alimuangalia Paul kama mutu mwenye hasikie luga. «Paul. Unaficha baba yangu?»

«Siyo vile.»

«Alizaa batu tisa mu hii muji. Aingie kama mbuzi ya kuiba?»

Batu yote ya pikipiki banaangalia. Osée, kule ndani, alipata nafasi ya kufungua na kufunga vidole yake. Paul aliangalia gari, akaangalia njia. Njia ni moya, na parking ya Stéphane iko juu yake.

«Mufunge,» akasema.

Balifunga majani mbele, balifunga ku vioo, baliwasha mataa. Baliingia na honi, pikipiki mbele na nyuma, polepole sana. Ku kila duka batu banasimama, banatoa kofia. Stéphane pia alikuwa amesimama mbele ya parking yake, kikombe ya chai mu mukono. Alitoa kofia kama batu yote. Kisha macho yake ilishuka ku plaque ya namba. Paul alimuona anasoma. Gari ilipita mbele yake kwa mwendo ya mutu anatembea, Paul alikuwa na nafasi ya kuona yote: kikombe ilishuka, na kofia ikarudi ku kichwa.

Lundi, gari ilinuka sabuni kupita vile ilinuka vendredi. Glodie aliiosha mara tatu. Stéphane hakushika funguo. Aliacha Paul abaki na mukono mbele.

«Poleni na kilio,» akasema.

«Asante. Tunarudisha gari. Boîte yake imekufa, tuliipimisha kwa Vahwere.»

«Vahwere hadanganye.» Stéphane akavuta kiti, akamupatia Scholastique aikale. Hakuikala. «Samedi ungeniletea, ningesema sawa, tungepiana mukono, kila mutu kwake. Boîte ni maneno ya boîte. Lakini sasa ni dimanche yenye iko kati yetu. Bunia nzima iliona hii gari na majani. Nitauzishia nani? Asubui hii mutu ya pili ananipigia: Stéphane, siku hizi unafanya corbillard, gari ya maiti?»

«Ilikuwa baba ya jirani,» Paul akasema. «Sikukuwa na njia.»

«Naelewa, mwalimu. Hata mi ningebeba.» Alikunywa chai. «Lakini ningebeba na yangu.»

Osée akasema kwa nguvu sheria haiko ya vile, hakuna fasi imeandikwa. Stéphane aliangalia Scholastique, juu alijua franga iko wapi.

«Papa Stéphane,» Scholastique akasema. «Weye ulijua boîte.»

«Nilijua.»

«Na siye tulijua maiti. Basi tukutane kati.»

Alifikiri. Haikuwa mutu mubaya, na njo ilichosha: hakukuwa na mutu wa kuchukia. «Deux mille sept,» akasema. «Chini ya hapo mi nakufa.»

Scholastique aligeuka ku ukuta, akafungua kitenge, akatoa franga. Alihesabu mwenyewe, kwa Kifaransa, sauti ya masomo, bila kukosea. Paul alisimama kando na funguo ingali mu mukono yake, hakuna mwenye alimuuliza kitu. Shahidi mbili balitia mukono ku karatasi, balipewa soda.

Midi kamili simu ililia. Paul aliangalia jina, akamupatia bibi yake.

«Madame,» Scholastique akasema. «Uzishia ule mutu ya Mongbwalu.»

«Nini tena, mama? Si mulisema…»

«Tulishapata ingine.»

«Ya rangi gani?»

«Nyeupe,» Scholastique akasema, akakata.

Kilio ya muzee ilidumu siku tatu. Ya ine, Nicolas alileta kuku moya na franga congolais vingt mille mu bahasha. Alikuwa amesikia maneno ya Stéphane. Nani alimuambia, hakuna mwenye alijua. Alisimama fasi ile ile ku mulango, na hakuweza kumuangalia Paul.

«Ungeniambia tu,» akasema.

«Ningekuambia nini?»

Nicolas akanyoosha kuku. Paul alipokea kuku. Bahasha alirudisha, Nicolas akakataa, ikaenda na kurudi vile mpaka Scholastique akaikamata akaiweka mu sanduku, juu essence hainunuliwaka na haya.

Vahwere alitia boîte ya kuokota mahali, kwa deux cent cinquante, nusu sasa. Alisema itashika, kama bataipeleka polepole. Mardi ya juma yenye ilifuata, gari ilienda kupanga laini ku parking ya gari ya kwenda Iga.

Hakuna mutu alipanda. Batu balikuya, baliona plaque ao baliona Osée, balienda ku gari ya nyuma. Mama moya aliweka mufuko yake ndani, mwenzake akamunongoneza, akatoa mufuko. Saa mbili, saa tatu, saa tano. Gari tatu ya nyuma yao ilijaa ikaenda. Osée alifunga vioo, akasema iko na kichwa inauma. Mercredi, ile ile.

Jeudi Scholastique hakuenda kusimama ku mulango kuita batu. Alifungua nyuma, akakunja kitenge, akaikala ku siti ya nyuma kabisa, katikati, pale muzee alilala. Akatoa mukate na ndizi, akaanza kula. Batu yote ya parking balimuona. Paul, mwenye alikuwa amekuya mbele ya saa ya masomo, alitaka kumuambia atoke, kisha akaenda kusimama karibu na pikipiki ya mutu, anajifanya anasoma ratiba mu simu.

Ilipita saa moya. Mama mwenye mifuko mbili ya chumvi alikuya, akainama ku dirisha.

«Bibi. Njo ile?»

«Njo ile.»

«Alilala wapi?»

«Hapa niko.»

Ule mama akaangalia Scholastique, akaangalia siti, akaangalia mukate. Kule mbele gari ingine ilikuwa imejaa, na jua ilikuwa inapanda.

«Mpaka Iga ni ngapi?»

«Elfu kumi.»

«Kwa hii? Na maiti?»

Scholastique akafikiri. «Elfu nane.»

«Nitaikala huku mbele. Weye usitoke hapo.»

«Sitoki.»

Mama akaweka chumvi, akapanda. Nyuma yake bakapanda mbili, kisha tatu, wote kwa elfu nane, wote mbele yake. Gari ilipojaa, Osée akahesabu siti zenye zinalipa, akahesabu tena, akageuza kichwa.

«Yaya, weye umekula nafasi ya mutu.»

«Washa,» Scholastique akasema.

Toka ile siku anaendaka kila safari, hata siku hana unga ya kuchukua. Anaikala pale pale; asipoikala, batu habapandi. Ni siti moya chini kila kwenda na siti moya chini kila kurudi, na Glodie njo anauzisha unga ku soko sasa, juu mama yake hana nafasi.